Mdororo wa uchumi na safari ya kutafuta kazi ng'ambo

Hapa Nairobi, bei ya unga ikipanda utasikia watu wakisema kwamba uchumi umeanguka, na anayeishi kwa kibarua ana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, bei kupanda kunaitwa mfumuko wa bei, na mdororo wa uchumi ni jambo jingine. Mdororo ni kipindi ambacho shughuli zenyewe za uchumi hupungua kwa miezi mingi: viwanda huzalisha kidogo, maduka huuza kidogo, na waajiri huanza kupunguza watu. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi ni pato la taifa kushuka kwa robo mbili za mwaka zinazofuatana. Mwaka 2023 shilingi yetu iliporomoka na maisha yakawa magumu, lakini pato la Kenya lilikua kwa zaidi ya asilimia 5. Mwaka 2020, wakati wa korona, lilipungua kwa asilimia 0.3.

Swali linalotugusa sisi tulio na ndugu Doha, Riyadh au Texas ni hili: mdororo ukiingia katika nchi wanakofanya kazi, itakuwaje? Wengi hudhani kwamba kazi zikiisha watu watafunga mizigo na kurudi. Wapo wanaorudi kweli, lakini mara nyingi mdororo huwazuia zaidi wale ambao hawajaondoka kuliko unavyowarudisha waliokwisha kufika.

Maelezo bora ya jambo hili yana mizizi hapa hapa Kenya. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba serikali iongeze wafanyakazi wake kwa asilimia 15 na waajiri binafsi kwa asilimia 10, ili foleni ya wasio na kazi mjini ipungue. Habari zilipofika vijijini, watu wengi zaidi walikuja Nairobi kutafuta nafasi hizo, na foleni ikarefuka. Mwaka 1970 wanauchumi John Harris na Michael Todaro, ambao walikuwa wamechunguza ajira za mijini katika Afrika Mashariki, walieleza kwamba anayehama huongozwa na mshahara anaoutarajia, yaani mshahara wenyewe ukizidishwa kwa uwezekano wa kuupata. Tuseme kijana anapata shilingi 10,000 kwa mwezi kijijini, na mjini kuna kazi ya shilingi 30,000. Akiamini kwamba kati ya watafutaji wawili mmoja hupata, kazi hiyo kwake ina thamani ya shilingi 15,000, naye ataondoka. Mdororo ukiufanya uwezekano huo kuwa mmoja kati ya wanne, thamani inashuka hadi shilingi 7,500, naye atabaki nyumbani, ingawa mshahara uliotangazwa haukupungua hata senti moja.

Kwa aliyekwisha kuvuka bahari hesabu ni tofauti. Ameshalipa nauli, wakala na uchunguzi wa afya, na pengine chama cha kukopeshana bado kinamdai. Tena anajua kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kuingia tena. Ujerumani Magharibi ilijifunza hilo baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Mwezi wa Novemba mwaka huo ilisimamisha kuajiri wafanyakazi wapya kutoka Uturuki, Yugoslavia na kwingineko nje ya Jumuiya ya Ulaya ya wakati huo, na mwaka uliofuata Ufaransa ikafanya vivyo hivyo. Watu wengi walirudi kwao, lakini wengine wengi, waliozoea kwenda na kurudi, walitambua kwamba kuondoka sasa ni kuondoka moja kwa moja, wakabaki na kuwaita wake na watoto wao. Hispania nayo, mwaka 2008, ilikubali kuwalipa wahamiaji waliopoteza kazi mafao yao yote mapema, kwa awamu mbili, kwa sharti kwamba warudi kwao na wasirejee kwa miaka mitatu, na waliojitokeza wakawa wachache mno.

Kufukuzwa ni habari nyingine. Mapema mwaka 1983, bei ya mafuta ikiwa imeshuka, Nigeria iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke katika muda wa majuma machache, na waliotimuliwa walizidi milioni moja, wengi wao Waghana. Mfuko ule wa plastiki wenye miraba, ambao abiria wa mabasi ya usiku hapa Nairobi huufunga kwa kamba ukifurika nguo, unaitwa kule Afrika Magharibi kwa jina linalowaambia Waghana waondoke.

Mdororo pia hauzigusi kazi zote kwa uzito mmoja. Ujenzi ndio hutangulia kuanguka, kwa sababu jengo linaweza kuachwa bila paa, ilhali mtoto na mzee hawawezi kuachwa bila mlezi. Dubai ilipotikiswa na madeni mwaka 2009, mafundi wa ujenzi ndio walioumia zaidi. Bei ya mafuta iliposhuka tena, maelfu ya wajenzi kutoka Asia walikaa Saudi Arabia mwaka 2016 kwa miezi kadhaa bila mishahara, nao hawakuwa huru kutafuta mwajiri mwingine, kwa kuwa chini ya mfumo wa kafala kibali cha ukaazi kilifungwa kwa mwajiri mmoja. Naona huo ndio ubaya mkubwa wa kafala: kazi ikipotea, haki ya kuwa nchini hupotea nayo.

Fedha zinazotumwa nyumbani, kinyume na hofu ya wengi, haziporomoki kirahisi. Wakenya walio ng'ambo walituma takriban dola milioni 611 mwaka 2008, na mwaka 2009, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa, walituma takriban milioni 609. Mwaka 2020 zilizidi dola bilioni 3, kutoka karibu bilioni 2.8 mwaka uliotangulia. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mtu aliyehamia chumba cha watu sita, akaongeza zamu ya usiku, ili karo isichelewe.

Thamani ya sarafu nayo ina nafasi yake. Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha riyali 3.75. Yaya wa Kikenya anayelipwa riyali 900 huwa na dola 240. Januari 2024 dola moja ilipokuwa karibu shilingi 160, hizo zilikuwa shilingi 38,400. Kufikia katikati ya mwaka, dola ikiwa shilingi 129, zilikuwa shilingi 30,960. Hakuna aliyemkata mshahara, lakini nyumbani zilikosekana shilingi 7,440.

Mwaka 2020 ulikuwa wa kipekee kwa sababu nchi za kwenda na nchi za kutoka zilidorora pamoja. Soko la maua la Ulaya lilipoanguka mwezi wa Machi, mashamba ya Naivasha yalitupa mawaridi na kuwapeleka wafanyakazi likizo bila malipo. Wengine kati yao wangeweza kuja Nairobi kubahatisha, lakini kuanzia Aprili hadi mapema Julai jiji lilifungwa. Wengine wangejaribu Ghuba, lakini safari za ndege za kimataifa zilisitishwa tangu mwishoni mwa Machi hadi Agosti mosi. Waliokuwa wamekamilisha kila kitu walibaki na bahasha za kaki zenye pasipoti, cheti cha tabia njema na majibu ya daktari, ambayo yalikuwa yakiisha muda ndani ya kabati.