Maana ya gitaa la mkono

Gitaa la mkono ni gitaa la akustika ambalo fundi mmoja, au mafundi wachache wanaoshirikiana, wameliunda huku wakiamua unene, uzito na ukakamavu wa kila kipande kwa kukichunguza kipande chenyewe, badala ya kufuata vipimo vilivyowekwa mapema kwa magitaa yote ya namna moja. Wengi hudhani kwamba tofauti iko kwenye zana, kana kwamba fundi akiwasha msumeno wa umeme gitaa hukoma kuwa la mkono. Kwa kweli mafundi wengi wanaoheshimika hutumia mashine kupasua mbao, kupunguza unene na hata kuchonga shingo, na hawapotezi chochote kwa kufanya hivyo. Jambo la kuuliza ni nani aliyeamua wapi mashine isimame, na kwa sababu gani.

Ili sababu hiyo ieleweke, ni lazima tuanze na mbao. Hata zikitoka kwenye mti mmoja, mbao mbili hazilingani: moja itakuwa nzito kuliko nyingine, moja itapinda kwa urahisi, na moja itakuwa na pete za ukuaji zilizobanana upande huu na kuachana upande ule. Kiwanda kinachotengeneza magitaa mengi kwa siku hakiwezi kusimama kuisikiliza kila mbao. Kinachagua unene ambao hata mbao dhaifu itaustahimili bila kuvunjika mikononi mwa mnunuzi, kisha kinautumia kwa zote. Huo ni uamuzi wa busara kibiashara, na magitaa mazuri sana hupatikana kwa njia hiyo, lakini maana yake ni kwamba mbao iliyo imara zaidi huachwa ikiwa nene kuliko inavyohitaji, na sauti ambayo ingeweza kutoa hubaki imefungwa ndani yake.

Kipande kinachohusika zaidi ni ubao wa sauti, yaani uso wa gitaa wenye tundu na daraja, kipande kinachozishika nyuzi juu ya ubao. Mara nyingi hutengenezwa kwa sprusi, mti wa nchi za baridi, au kwa mwerezi mwekundu wa magharibi ya Amerika Kaskazini, kwa kuwa miti hiyo ina ukakamavu mkubwa ukilinganisha na uzito wake mdogo. Mbao hupasuliwa kuelekea kiini cha gogo ili pete za ukuaji zisimame wima, kisha vipande viwili vinavyofuatana hufunguliwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, hivyo upande wa kushoto na wa kulia huwa na mistari inayofanana. Baada ya hapo fundi huanza kupunguza unene kwa randa na msasa hadi kwenye milimita 2.5 au 3 kwa gitaa la nyuzi za chuma, na pungufu kidogo ya hapo kwa gitaa la nyuzi za nailoni.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Fundi huushika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, huugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama unaitika kwa mlio mrefu au kama unakufa mara moja. Huukunja polepole kwa urefu, kisha kwa upana, akihisi unavyosukuma mikono. Wapo wasioamini mikono peke yake, nao huuweka ubao juu ya vigingi viwili, huutwika uzito unaojulikana katikati, kisha hupima umebonyea kiasi gani. Njia zote mbili zinatafuta jambo lile lile, na binafsi naona anayeanza atafaidika zaidi na kipimo kuliko na sikio, kwa sababu sikio huhitaji magitaa mengi ya kulinganisha, na anayeanza hana hata moja.

Hesabu inaeleza kwa nini hatua hii inahitaji subira. Ukakamavu wa ubao hufuata unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ubao wa milimita 3 ukipunguzwa hadi milimita 2.7, umepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito, lakini umepoteza zaidi ya robo ya ukakamavu. Mipito michache ya randa mwishoni hubadilisha sauti kuliko kazi nzito yote iliyotangulia, na kilichotolewa hakirudishwi.

Ubao mwembamba kiasi hicho hauwezi kuibeba kazi yake peke yake. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida, zikiisha kukazwa, huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Za nailoni huvuta kwa takriban kilo 40. Nguvu hiyo hulipindua daraja kuelekea shingoni, ikiuvimbisha ubao nyuma ya daraja na kuudidimiza mbele yake. Kwa hiyo chini ya ubao hugandishwa mataruma, vijiti vya mbao nyepesi vinavyoutegemeza kwa ndani kama mataruma ya jahazi yanavyotegemeza mbao za ubavuni. Mpangilio wa mataruma hayo ndio unaotenganisha koo mbili kuu za gitaa la leo.

Ukoo wa kwanza ni wa Hispania. Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, hakuwa wa kwanza kupanga mataruma yaliyotawanyika kama upepeo chini ya daraja, lakini aliyasawazisha pamoja na mwili mkubwa na ubao mwembamba kwa namna ambayo mafundi wa gitaa la klasiki bado wanaifuata. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, ubao wa sauti ukiwa wa mti kama kawaida, ili kuonyesha kwamba sauti inatokana hasa na ubao huo. Torres alianza kama seremala, na kuna wakati aliacha magitaa akafungua duka la vyombo vya kauri huko Almería. Aliporudi kwenye ufundi, aliufanya kando ya biashara. Wanaoamini kwamba kazi nzuri haiwezi kutoka kwa mtu asiyeutegemea ufundi huo peke yake kwa riziki wangepaswa kulikumbuka hilo.

Ukoo wa pili ulikulia Marekani. Christian Frederick Martin, aliyezaliwa mwaka 1796 huko Markneukirchen katika Ujerumani ya leo, alihamia New York mwaka 1833, na baadaye karakana yake ikahamia Nazareth, Pennsylvania. Katika miaka ya 1840 magitaa yake yalianza kuwa na mataruma mawili makuu yanayopishana kama herufi X kati ya tundu la sauti na daraja. Wakati huo nyuzi zilikuwa bado za utumbo wa wanyama, na mpangilio huo ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Nyuzi za chuma zilipoenea mapema katika karne ya 20, ikadhihirika kwamba X hiyo inastahimili mvutano mkubwa bila kuunyamazisha ubao, na hadi leo fundi wa gitaa la chuma huanzia hapo hata kama ananuia kuiacha.

Taruma nalo hutii kanuni ya kuzidisha mara tatu, ila kwa kimo. Ukipunguza upana wa taruma kwa nusu, ukakamavu hupungua kwa nusu. Ukipunguza kimo kwa nusu, hubaki sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana mataruma mazuri huwa membamba na marefu kwenda juu, na fundi anapoyachonga kwa patasi ndogo, akiyashusha kuelekea ncha na kuugonga ubao kila baada ya muda, huwa anaondoa unga wa mbao usiojaza kiganja. Magitaa ya kwanza ya watu wengi hushindwa papo hapo: mataruma huachwa makubwa kwa hofu kwamba gitaa litabomoka, na matokeo yake ni chombo imara, kizito, chenye sauti ndogo iliyobana. Hofu hiyo si ya kijinga, maana gitaa jepesi mno hujikunja baada ya miaka michache. Fundi mzoefu hufanya kazi karibu na mpaka huo kwa makusudi.

Sehemu nyingine zinahitaji usahihi zaidi kuliko hukumu. Mbavu huchongwa hadi karibu milimita 2, hulowanishwa, kisha hukunjwa juu ya bomba la moto mpaka zilingane na kalibu. Anayeharakisha huzivunja kiunoni, mahali penye kona kali kuliko zote. Shingo huungwa na mwili kwa ulimi na tundu, kwa mkia wa njiwa au kwa bolti, na ubishi juu ya njia ipi hutoa sauti bora ni mrefu kuliko ushahidi wake. Freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole, hupangwa kwa hesabu isiyo na mjadala: urefu wa uzi hugawanywa kwa 17.817 ili kupata nafasi ya freti ya kwanza, kisha urefu unaobaki hugawanywa kwa nambari hiyo hiyo, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza hukaa milimita 36.5 kutoka mwanzo wa uzi, na ya 12 hukaa katikati kabisa, kwenye 325. Daraja nalo husogezwa nyuma milimita chache, kwa kuwa uzi ukibonyezwa huongezeka mkazo na kupanda sauti.

Adui mkuu wa kazi yote hii ni hewa. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, hupoteza unyevu na kusinyaa, na mabadiliko hayo huonekana kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu. Kwa kuwa mataruma mengi hukatiza upana huo, ubao uliogandishwa siku yenye unyevu mwingi utasinyaa wakati wa ukame huku mataruma yakikataa kusinyaa nao, na hatimaye utapasuka. Karakana zenye uangalifu hugandisha mataruma hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na huupa ubao mbinuko mdogo sana, sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 7 au 8 hivi, ili uwe na nafasi ya kushuka bila kuchanika. Gundi huchaguliwa kwa kufikiria siku za mbele: gundi ya ngozi za wanyama hulegea kwa joto na maji, kwa hiyo fundi atakayekuja miaka 40 baadaye ataweza kulifungua gitaa na kulitengeneza. Rangi ya juu nayo huwa nyembamba, iwe ya sheleki au ya vanishi, kwa sababu kila tabaka huongeza uzito juu ya ubao ambao umetumiwa siku nyingi kuupunguzia uzito.

Tukifika kwa fundi wa ridhaa, yaani anayeunda magitaa kwa kupenda bila kuyategemea kwa chakula chake, tunakuta mtu aliye katika nafasi nzuri kuliko inavyodhaniwa. Gitaa moja laweza kumchukua zaidi ya saa 100, na hakuna anayemlipa kwa saa hizo, kwa hiyo anaweza kuurudia ubao mpaka aridhike, jambo ambalo mwenye wateja wanaosubiri hawezi kulifanya kila mara. Anachokosa ni wingi wa mazoezi, na pengo hilo limepunguzwa na desturi ya mafundi kugawana maarifa waziwazi. Nchini Marekani, Guild of American Luthiers, chama kilichoanzishwa mwaka 1972, kimekuwa kikichapisha michoro na makala za ufundi ambazo vizazi vya zamani vingezificha kama siri ya familia.

Sheria za miti humgusa yeye pia. Dalbergia nigra, mti wa Brazil uliopendwa sana kwa migongo na mbavu, uliwekwa mwaka 1992 katika kundi la miti ambayo CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, unaizuia karibu kabisa kuuzwa kati ya nchi na nchi. Mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliwekewa masharti ya vibali, na mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa masharti hayo kwa miti mingi ya jamii hiyo, isipokuwa ule wa Brazil. Anayetunza kibao cha zamani cha mti huo anaweza kukiunda gitaa kwa matumizi yake, lakini kuvuka nalo mpaka bila hati ni kutafuta matatizo.

Linabaki swali la gitaa lililounganishwa kutoka kwenye seti ya vipande vilivyokwisha kuandaliwa. Ikiwa mbavu zimekunjwa tayari, freti zimekatiwa nafasi tayari, lakini ubao wa sauti na mataruma yameachwa manene ili mnunuzi ayachonge mwenyewe, basi gitaa hilo ni la mkono katika sehemu inayohusika zaidi na sauti, hata kama kazi iliyofanywa ni ndogo. Ikiwa ubao umefika umeshapunguzwa na mataruma yameshagandishwa na kuchongwa, kilichobaki ni kuunganisha na kupaka rangi, kazi yenye manufaa na yenye kufundisha, ila maamuzi yaliyolipa gitaa hilo sauti yake yalifanywa na mtu mwingine, na pengine aliyafanya bila kuugonga ubao huo hata mara moja.