Kipindupindu huua kwa kukausha mwili

Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kuishiwa maji. Sumu ya bakteria wake huulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili, na mtu aliyeamka mzima anaweza kuwa maiti kabla ya jua kuzama. Ugonjwa ukiwa mkali na wasipate tiba, hadi nusu ya wagonjwa hufa. Wakirudishiwa maji mapema, wanaokufa ni chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100.

Ndiyo maana takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2024 zinaniuma. Nchi 60 ziliripoti wagonjwa zaidi ya 560,000. Ukilinganisha na 2023, wagonjwa waliongezeka kwa takriban asilimia 5, lakini vifo viliongezeka kwa takriban asilimia 50, vikapita 6,000. Robo ya waliokufa hawakufia kwenye kituo cha afya. Yaani watu wanafia majumbani na njiani, kwa ugonjwa ambao tiba yake ni maji, chumvi na sukari kwa vipimo sahihi.

Mlipuko huu wa dunia, wa saba katika historia, ulianzia Indonesia mwaka 1961 na haujakoma. Vita, mafuriko na ukame huwanyima watu maji safi na vyoo, na hapo ndipo unapopata nguvu upya. Januari 2023 shirika hilo liliuweka kwenye daraja la juu kabisa la dharura. Chanjo ya kunywa inasaidia sana, ila haitoshi: tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura zinatoa dozi moja badala ya mbili, na kinga ya dozi moja ni ya muda mfupi. Wala chanjo haisafishi kisima.

Basi ukiona mtu anaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, usingoje gari ndipo uanze. Koroga pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kiasi cha maji salama kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja, anywe mkiwa safarini kwenda kituoni. Akitapika, subirini dakika 10, kisha aendelee kidogo kidogo. Mtoto anyonye kama kawaida. Asiyeweza kunywa, au anayelegea na macho kudidimia, anahitaji dripu mara moja. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 mwageni, mkoroge mwingine.