Wepesi wa vidole uzeeni: nini hasa kinabadilika

Uratibu wa mikono na vidole ni kazi ya pamoja ya ubongo, mishipa ya fahamu, misuli, ngozi na macho: vidole vifike panapotakiwa, kwa nguvu inayotosha, bila kuchelewa. Huku Mtwara, anayetaka kuuona amtazame mama anayemenya korosho. Baada ya kubangua, kwenye punje hubaki ngozi nyembamba inayotolewa kwa vidole na kisu kidogo. Akibana kidogo, haitoki. Akizidisha, punje inavunjika, na korosho ya vipande haina bei ya korosho nzima.

Umri ukisogea kazi hiyo huanza kuchukua muda. Watu husema nguvu zimemwishia. Ni kweli nguvu za kushika hupungua, lakini kumenya korosho hakuhitaji nguvu nyingi, kwa hiyo sababu kubwa iko kwingine.

Iko kwenye hisia. Ncha za vidole zina vipokezi vidogo sana vinavyotambua kwamba kitu kimegusa au kinateleza, na idadi yake hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Ngozi nayo hukauka, vitu vinaponyoka kirahisi. Ndiyo maana mzee hukibana kikombe kuliko kinavyohitaji, mkono ukijihami. Huanza pia kutazama kila anachokishika, macho yakibeba kazi iliyokuwa ya vidole. Akiwa na mtoto wa jicho, au taa ikiwa hafifu, mambo huwa magumu zaidi.

Kwenye misuli kuna badiliko lisiloonekana kwa nje. Kila seli ya fahamu inayoendesha misuli, iliyo kwenye uti wa mgongo, huamrisha kundi lake la nyuzi za misuli. Uzeeni baadhi ya seli hizo hufa, na zilizobaki huzichukua nyuzi zilizoachwa. Makundi yanakuwa machache na makubwa, kama mtu aliyezoea kulipa kwa sarafu akabaki na noti kubwa tupu: kutoa kiasi kidogo barabara kunamshinda. Hapo mkono hutetemeka kidogo au kuzidisha. Ongeza gegedu (tabaka laini linalokinga ncha za mifupa kwenye viungo) zinazolika, hasa kwenye shina la kidole gumba na viungo vya karibu na kucha, na kazi ya mikono miwili yenye mwendo tofauti, kama kufunga vifungo, ndiyo inayotaabisha zaidi.

Lakini ujuzi wa miaka mingi hauondoki kwa kasi hiyo. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Timothy Salthouse, alichapisha utafiti kuhusu wapiga taipu. Wenye umri mkubwa walikuwa wazito katika vipimo vya kawaida vya wepesi, ila kwenye taipu hawakuachwa nyuma, kwa sababu walisoma maneno ya mbele zaidi kabla vidole havijayafikia. Nauona ujuzi wa namna hiyo kwa bibi wa Kilwa anayesuka ukili tangu usichana, na kwa mchonga mpingo mzee wa Newala anayejua tezo litue wapi kabla hajaliinua. Kumnyang'anya mzee kazi yake kwa kumhurumia naona ni kumdhulumu, maana mkono usiotumika hudhoofika upesi. Mpeni mwanga, muda, na kisu chenye mpini mnene.

Uzee huja polepole, na mara nyingi kwa mikono yote miwili. Mkono mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, hicho huenda ni kiharusi: awahishwe hospitali ya Ligula hapa Mtwara, ya Sokoine kule Lindi, au yoyote iliyo karibu saa ileile. Mkono unaotetemeka ukiwa umetulia mapajani, au ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha usiku, navyo vinahitaji daktari. Mwenye ganzi ya miguu na mikono apimwe sukari, hata kama ameshavuka miaka 70 na kila mtu nyumbani anamwambia ni umri tu.