Pirazinamidi haihitaji ndimu yako

Kila nikitaja kwamba pirazinamidi hufanya kazi penye asidi, hakosi mtu wa kuniuliza kama mgonjwa wa kifua kikuu amezee dawa kwa maji ya ndimu au ukwaju. Kunywa anywe, hasa kwa joto hili la Mombasa. Lakini ndimu za Marikiti hazitabadilisha kitu mapafuni: damu hushikilia pH yake (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kati ya 7.35 na 7.45, ule kikapu kizima ukipenda. Asidi ninayoizungumzia imo palepale kwenye uvimbe wa mapafu yenye ugonjwa, na ndani ya seli za kinga zilizowameza bakteria wa kifua kikuu.

Dawa yenyewe ni kioja. Iweke pamoja na bakteria hao kwenye pH 7, wataendelea kuzaana kama kawaida. Shusha hadi 5.5, ndipo makali yake yanapoonekana. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1950. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kimeng'enya cha bakteria mwenyewe huigeuza dawa kuwa asidi ya pirazinoiki, kisha bakteria huitoa nje. Nje pakiwa na asidi, sehemu yake hupoteza chaji, hupenya na kurudi ndani, ikajazana. Baada ya hapo inaua vipi hasa, wataalamu wangali wakibishana. Lakini kazi yake haina ubishi: ikitumika pamoja na rifampisini, dawa nyingine ya kifua kikuu, katika miezi 2 ya mwanzo, matibabu yalipungua kutoka miezi 9 hadi 6.

Streptomisini, nayo dawa ya kifua kikuu, ni kinyume chake: asidi huidhoofisha.

Sisi wa maabara ndio tunaotaabika. Kipimo cha usugu wa pirazinamidi kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria hufanywa kwa pH 5.9, na bakteria wakitiwa wengi mno huipandisha pH wenyewe. Dawa inazimika, mashine inasoma "sugu", kumbe si sugu. Kwa hiyo jibu la usugu wa pirazinamidi peke yake silitoi kabla ya kurudia kipimo, na ikiwezekana kusoma pncA, jeni ya kile kimeng'enya kinachoigeuza dawa, ambako mabadiliko mengi ya usugu hutokea.

Jibu likirudi vilevile, huuliza kama mgonjwa hunywa maziwa mabichi. Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, ni sugu kwa pirazinamidi kwa asili yake, iwe pH 5.9 au 7.