Ramani za Fitoplanktoni Pwani Yetu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Pikseli nyekundu ya setilaiti maana yake fitoplanktoni wamejaa.
Fitoplanktoni ni viumbe vidogo mno vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kama mimea. Setilaiti haihesabu kiumbe hata kimoja. Hupima mwanga unaorudi kutoka majini, na klorofili (rangi ya kijani ya viumbe hao) hukadiriwa kutokana na mwanga huo. Mbele ya delta ya Rufiji, tope na maji ya kahawia yatokayo kwenye mikoko huweza kusomwa kama klorofili. Ufukweni Unguja, maji ni maangavu na kina ni kifupi, hivyo setilaiti husoma hata nyasi bahari zilizo chini. Ondoa kwanza pikseli za kina kisichofika mita 30. Zinazobaki zilinganishe na sampuli za maji zilizochotwa ndani ya saa 3 kabla au baada ya setilaiti kupita.

Dhana: Maji ya buluu hayana kitu.
Kwenye kilindi cha tropiki, klorofili nyingi mara nyingi hukaa mita 50 hadi 100 chini, ambako mwanga bado upo na virutubisho vinapanda. Setilaiti haifiki huko. Chota maji kwa vina kadhaa, andika kina kwenye safu yake ya jedwali, na chora ramani ya kila kina peke yake.

Dhana: Wavu hunasa fitoplanktoni wote.
Wavu wenye matundu ya mikromita 20 hupitwa na Prochlorococcus, fitoplanktoni mdogo asiyefika hata mikromita 1. Huyo hutaka maji yachotwe kwa chupa ya sampuli.

Dhana: Vituo vya sampuli vikiwa vichache, QGIS (programu ya kuchora ramani) itajaza mapengo.
Itajaza, ndiyo, na hapa ndipo ramani nyingi huharibika. Njia ya IDW, inayokadiria thamani ya mahali kwa kuvipa uzito zaidi vituo vilivyo karibu, hupima umbali kwa mstari ulionyooka. Kituo cha Ghuba ya Chwaka na kingine upande wa magharibi wa Unguja haviachani hata kilomita 40, basi programu huvichanganya kana kwamba maji hupita katikati ya kisiwa. Kukata nchi kavu baadaye huficha kosa tu, kwa sababu thamani za baharini zimeshachafuka. Kokotoa kila upande kivyake, au tumia umbali wa njia ya majini, nchi kavu ikiwa imezibwa. Usichanganye pia sampuli za kusi na za kaskazi kwenye ramani moja: upepo ukigeuka, mikondo na virutubisho hubadilika.

Dhana: Koodineti ni koodineti.
Karatasi za zamani za ramani za Kenya na Tanzania hutumia Arc 1960, GPS hutumia WGS 84; hii ni mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ukizichanganya, kituo husogea takriban mita 300, yaani pikseli nzima ya setilaiti ya Sentinel-3. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kituo cha Unguja huangukia Ethiopia.

Dhana: Pikseli yenye wingu ni sifuri.
Ni pengo. Kwenye faili za klorofili za MODIS (kihisi cha setilaiti) huandikwa -32767. Wastani wa mwezi ukitoka hasi, namba hiyo imeingia kwenye hesabu. Itangaze kuwa haina data kabla ya kukokotoa.