Dhana potofu kuhusu Vim, na ukweli wake

Fundi mchanga wa Nairobi anayekabidhiwa seva ya Linux, yaani kompyuta ya mbali anayoifikia kwa mtandao, kwa mara ya kwanza huwa ameshatiwa hofu na wenzake kuhusu Vim, programu ya kuhariri maandishi, kabla hata hajaifungua. Mengi anayoambiwa si kweli, na baadhi yake humpotezea kazi.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba umeme ukipotea, au intaneti ikikatika, kila kitu ambacho hakijahifadhiwa kimepotea. Ukweli ni kwamba Vim, kwa mpangilio wake wa kawaida, huandika mabadiliko katika faili ya akiba iliyofichwa, yenye jina linaloishia na .swp, kila baada ya herufi 200 au vidole vinapotulia kwa sekunde 4. Kwa hiyo umeme ukikatika Kayole au Kasarani katikati ya kazi, kinachopotea ni kidogo sana. Ingia tena kwenye seva, andika vim -r na jina la faili, kagua kilichorudi, kihifadhi, kisha ufute ile faili ya .swp. Wanaopoteza kazi kwa kweli ni wale ambao, wakikutana na onyo la faili ya akiba wanapoifungua faili tena, hubonyeza E (hariri tu) bila kusoma na kuendelea na nakala ya zamani. Lisome onyo hilo kwa makini, kwa sababu hutokea pia mwenzako anapokuwa ameifungua faili hiyohiyo, na hapo jibu sahihi ni Q, yaani kutoka.

Inasemwa pia kwamba Vim haina njia ya kutoka. Ipo: bonyeza Esc, andika :wq ili kuhifadhi na kutoka, au :q! ili kutoka bila kuhifadhi.

Wengi waliozoea kuhifadhi kwa Ctrl+S huona skrini imeganda, wakaamini seva imekufa na kulifunga dirisha. Seva ni nzima. Terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, ndiyo iliyosimamisha maandishi, na Ctrl+Q huyaachilia.

Kuhusu madai kwamba chombo hiki kimepitwa na wakati, ni kweli kwamba Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976, wakati laini za mawasiliano zilikuwa za polepole mno. Lakini hiyo ndiyo nguvu yake kwa anayefanya kazi kwa bando la simu, kwa kuwa kinachosafiri ni maandishi matupu. Wala si chombo kisichotuhusu: Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991, aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda, na ombi hilo linastahili kujulikana zaidi hapa kwetu.

Anayetaka kubadilisha mstari mmoja tu hana haja ya kuona haya kutumia nano, kihariri kingine kilicho rahisi, ambako Ctrl+O huhifadhi na Ctrl+X hutoka. Anayetaka kuijua Vim aandike vimtutor kwenye kompyuta yake mwenyewe. Somo hilo huchukua takriban nusu saa, na ni vyema likamilike kabla ya kugusa seva ya kazini.