Kwenda The Wave: Kibali, Maji na Barabara ya House Rock

Msimu wa joto unapokaribia, maombi ya kibali cha kutembelea The Wave, miamba ya rangi iliyoko Arizona, huongezeka, na malalamiko nayo huongezeka. Makala haya ni kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Arizona na Utah, pamoja na wageni wao wanaotoka Afrika Mashariki, wanaotamani kuiona miamba ile ya rangi nyekundu, chungwa na manjano katika hifadhi ya Vermilion Cliffs.

Lalamiko linalojirudia ni hili: "Nimelipa dola 9, kibali sikupata, na hela yangu haikurudi." Dola 9 ni ada ya maombi. Hairudishwi ukikosa, wala ukipata. Ukipata, unalipa tena dola 7 kwa kila mtu na dola 7 kwa kila mbwa. Maelezo haya yapo kwenye ukurasa wa maombi kabla ya kulipa. Tafadhali yasomeni.

The Wave ipo Coyote Buttes Kaskazini, sehemu ya hifadhi hiyo, ambako kwa siku huruhusiwa watu wasiozidi 64 au makundi 16, kikomo chochote kitakachotangulia kufikiwa. Kabla ya 2021 waliruhusiwa 20 tu. Nafasi 48 hutolewa kwa bahati nasibu ya miezi minne kabla: ukiomba wakati wowote mwezi Mei, unaombea tarehe za Septemba, na majibu hutoka tarehe 1 Juni. Nafasi 16 zilizobaki ni za bahati nasibu ya kila siku, ambayo huombwa kwa simu ukiwa tayari ndani ya eneo lililowekewa mpaka, karibu na miji ya Kanab na Page. Ukiwa Phoenix, simu yako haitakubali. Unaomba siku mbili kabla, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni (kwenye simu utaona 6:00), kwa saa za Utah. Mfano: unaomba Jumatatu, Jumanne saa 2 na nusu asubuhi unahudhuria mwenyewe maelekezo ya usalama, Jumatano unatembea. Kuanzia Machi hadi Novemba saa za Utah hutangulia za Arizona kwa saa moja, na Page hufuata saa za Arizona. Anayefika saa 2 na nusu ya Page amechelewa.

Kundi moja lisizidi watu 6, na mtoto mchanga anahesabiwa. Kibali hakiuzwi wala hakihamishwi kwa mtu mwingine. Picha ya kibali cha rafiki uliyotumiwa WhatsApp si kibali. Ukikutwa huna, unaweza kufikishwa mahakamani, na sheria inaruhusu faini ya hadi dola 100,000, kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Kulala ndani ya Coyote Buttes na kuwasha moto ni marufuku.

Wapo wanaosema idadi imebanwa ili serikali ipate fedha. Si kweli, na inasikitisha kuusikia uvumi huu kwa watu ambao wamekwisha kufika pale. Ule mwamba ni mchanga wa jangwa la kale, la zama za Jura, ulioshikamana kwa madini, na rangi zake zinatokana na chuma kilichobebwa na maji chini ya ardhi. Ukiinama utaona kingo zake, nyembamba kama ukingo wa sahani. Kiatu kimoja kikikanyaga ukingo huo, unavunjika, na hauoti tena. Chini ya mwamba, ule udongo mweusi wenye vinundu una viumbe hai vinavyouzuia usipeperuke. Ukikanyagwa huchukua miaka mingi kurudi. Tembea juu ya mwamba mtupu au kwenye mchanga wa korongo.

Sasa joto. Julai 2013 wageni watatu walifariki katika eneo hili ndani ya mwezi mmoja. Safari ya kwenda na kurudi kutoka Wire Pass, pale safari ya miguu inapoanzia, ni kama kilomita 10, na hakuna njia iliyochorwa, hakuna maji, na kivuli ni kidogo mno. Mtandao wa simu usiutegemee. Kila mtu abebe angalau lita 4 za maji. Aanze alfajiri. Abebe pia ramani yenye picha za alama za njiani inayotolewa pamoja na kibali, na aifuate, maana watu wengi hupotea wakati wa kurudi, mandhari yanapoonekana mageni kwa upande wa pili. Mzee au mtoto akianza kulalamika kichwa kinamuuma, rudini. Msiseme "tumebakiza kidogo".

Barabara ya House Rock, inayoelekea Wire Pass, haina lami. Ikikauka, gari dogo mara nyingi hupita. Ikilowa, udongo wake hunasa hata gari la magurudumu manne yanayovuta. Mvua inaweza kunyesha mbali, msiione kabisa, na mafuriko yakashuka ghafla kwenye makorongo membamba kama Buckskin Gulch. Ulizieni hali ya barabara Kanab au Page kabla ya kuondoka. Mkifika pale mnapoiacha barabara ya lami na kuikuta House Rock imelowa, geuzeni gari, hata kama kibali ni cha siku hiyo tu.